Sikiliza, Usitazame

Mjomba wangu hana cheti cha ufundi. Ana kibanda cha mabati huko Msimbati, ambako huchomelea mageti, madirisha na fremu za baiskeli. Likizo iliyopita nilimfuata nikiwa na maikrofoni mbili, kompyuta na barua ya chuo.

Utafiti wangu wa shahada ya uzamili unahusu mashine zinazochomelea vyuma zenyewe. Roboti ya kiwandani hurudia mshono uleule kutwa nzima bila mkono kutetemeka, lakini ikikosea inaweza isijue. Ndiyo maana watafiti wanazifunga roboti kamera, vihisi vya leza na maikrofoni, kisha wanaifundisha programu kutambua mshono mbaya wakati kazi inaendelea. Sauti inaeleza mengi. Rodi ikiwa karibu na chuma kwa kipimo chake, hulia mfululizo kama samaki kwenye mafuta ya moto. Ikiwa mbali, hukoroma na kurusha cheche.

Hilo sikulisoma kwanza kwenye jarida. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama nje ya kibanda kile. “Usitazame moto,” mjomba aliniambia. “Sikiliza.”

Safari hii alinichomelea vipande 40 vya bomba. Kwenye cha 17 alisimama ghafla.

“Hiki kimelia vibaya, mpwa wangu.”

Kwa nje mshono ulikuwa safi. Tulipoukata tukakuta vitundu vya hewa ndani, vimepangana kama mayai ya samaki. Programu yangu ilikuwa imeupitisha.

Niliporudi chuoni nikaanza kujaza fomu ya data. Safu moja ilitaka namba ya cheti cha mchomeleaji. Msimamizi wangu aliniambia kwa upole kwamba bila namba hiyo, wasomaji wa tasnifu watazitilia shaka sauti zangu. Ingekuwa rahisi kuzifuta na kutafuta fundi mwingine.

Lakini nilikumbuka habari ya bomba. Gesi ya Mnazi Bay, jirani na kwetu, iligunduliwa mwaka 1982. Bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015: kipenyo cha inchi 36, karibu kilomita 500. Ukiunga vipande vya mita 12, hayo ni maungio kama 40,000. Miaka ile mjomba alivaa shati lake la Idi akaenda kuomba kazi kwa mkandarasi mmoja. Akaulizwa cheti, akarudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Simlaumu aliyeuliza, bomba la gesi si geti la nyumba, na mshono wake hupigwa hadi eksirei. Kilichomuuma mjomba ni kwamba hakupewa hata rodi moja ya kujaribia.

Sasa rodi ile ilikuwa mkononi mwangu.

VETA ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunzia kazini na kuwapa vyeti. Nikampigia simu.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba.”

Nikamweleza. Akanyamaza muda mrefu. Nyuma yake nilisikia mtu akigonga chuma.

“Wataniuliza nini?”

“Watakupa chuma, watakuambia uchomelee.”

“Basi?”

“Na maswali kidogo.”

“Hayo maswali,” akasema, “uje tuyasome wote.”

Vipande vyote 40 vimo kwenye data yangu. Safu ya cheti bado iko wazi, na tiketi ya basi la Mtwara nimeshakata.