Daftari Lililokwenda San Diego

Mtu wa Pwani hata aende wapi, jicho lake hutafuta bahari kwanza. Ndivyo ilivyokuwa kwetu Julai ile tulipofika San Diego, mji ulio kusini kabisa mwa jimbo la California nchini Marekani, karibu na mpaka wa Mexico. Kando ya ghuba tuliona jengo refu jeupe, na juu ya paa lake yametandazwa matanga makubwa, kana kwamba majahazi yamepandishwa darini yakawa yanangojea upepo. Tulimuuliza mwenyeji wetu jengo lile ni la nini. Akacheka, akasema, "Hapo ndipo watu laki na ziada huja kila mwaka kwa ajili ya vitabu vya katuni. Nasi keshokutwa tumo."

Mwenyeji huyo ni sahibu yetu tangu utotoni. Tulisoma naye chuo kimoja cha Kurani katika Mji wa Kale, Mombasa, tukapigwa kwa henzirani moja. Yeye alihajiri, na kwa zaidi ya miaka 20 sasa anaendesha teksi San Diego, akikaa mtaa wa City Heights ambako Wasomali ni wengi na watu wa Afrika Mashariki hawakosekani. Sisi tulikwenda kwa harusi ya mpwa wake. Habari ya katuni haikuwa yake wala yetu. Ilikuwa ya bintiye wa miaka 15.

Tikiti za tamasha lile, liitwalo Comic-Con, si za kununuliwa mlangoni. Huuzwa kwa intaneti miezi mingi kabla, watu wakingojea bahati yao, na kila beji huwa na jina la mwenyewe. Binti aliposikia kwamba tutakuwako mwezi wa Julai, alijaribu bahati akapata tatu: yake, ya babake na yetu. Lakini wiki mbili kabla hatujawasili, babake alimkuta usiku wa manane akichora, na kesho yake ana mtihani. Alikasirika, akalishika daftari, akaurarua ukurasa uliokuwa wazi. Binti hakulia wala hakujibu. Aliokota vipande, akasema kwa sauti ndogo kwamba huko Comic-Con yeye haendi tena.

Basi ikawa mwenye hamu abaki, na wasio na hamu waende.

Asubuhi ya Jumamosi, tulipokuwa tukivaa viatu, binti alitukabidhi mkoba wa kitambaa. Ndani mlikuwa na lile daftari. "Ami," alituambia, "ukimwona mchoraji mwenye subira, mwonyeshe. Lakini Baba asijue." Tulimjibu kwamba amana yake tutaibeba, ila kumficha babake hatuwezi, tutamwambia wakati wake ukifika. Alifikiri kidogo, akakubali. Tulitoka na mkoba ule begani, na mzigo wake ulikuwa mkubwa kuliko uzito wake.

Treni ya mjini hushusha watu mbele ya jengo lenyewe, na siku ile ilijaa viumbe wa kila namna. Karibu yetu alisimama mzee mwenye mbawa za karatasi, na mbele yake mama aliyemvika mtoto wake mchanga nguo za popo. Hakuna aliyeshangaa. Nje, foleni zilizunguka jengo mpaka ufukoni. Tuliambiwa kwamba wako waliolala hapo usiku kucha ili waingie ukumbi mkubwa kuliko kumbi zote, wenye viti zaidi ya 6,000, wawasikilize watengenezaji wa filamu kwa saa moja.

Jambo hili halikuanza kwa ukubwa huo. Mwaka 1970 kikundi kidogo cha wapenzi wa katuni, wengine wao vijana wa shule, wakiongozwa na Shel Dorf, waliitisha mkutano wa siku moja katika hoteli ya U.S. Grant, mjini humo humo. Waliofika hawakuzidi sana mia moja. Mwezi wa Agosti mwaka huo wakaitisha wa siku tatu, wakaja watu wapatao 300. Hawakuwa na mali. Walikuwa na mapenzi ya jambo lao na ustahimilivu wa kulirudia kila mwaka. Mwaka 1991 tamasha lilihamia katika jengo hili la matanga, na leo wahudhuriaji hupita 130,000. Wanaoliendesha ni jumuiya isiyotafuta faida.

Ndani, macho hayajui yaanzie wapi. Upande mmoja ni makampuni makubwa na vioo vyao na taa zao. Upande mwingine ni wauzaji wa vitabu vikuukuu, ambao hukaa na masanduku ya makaratasi yaliyohifadhiwa mmoja mmoja kama hati za shamba. Tuliona wazee wakipekua masanduku hayo kwa ncha za vidole, wakitafuta toleo walilolipoteza wakiwa watoto. Hapo tulimkumbuka Juha Kalulu wa marehemu Edward Gitau, ambaye kwa miongo mingi alituchekesha katika Taifa Leo. Gazeti lilipofika nyumbani tuligombania ukurasa wake, kisha ukafungiwa mahamri. Hakuna aliyewaza kuuhifadhi.

Tulipita penye vitabu vya Wajapani, ambavyo huanzia kulia vikaishia kushoto. Sahibu yetu alikifungua kimoja, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Sasa nimefahamu," alisema. "Mwalimu wake wa shule aliniambia binti yangu husoma vitabu hivi upesi kuliko wenzake. Kumbe amezoeshwa na msahafu."

Mbele kidogo tuliwakuta mabinti wawili waliojisitiri, mitandio yao imeingizwa katika mavazi ya kuigiza kwa ustadi. Walikuwa wametazama kitabu cha Kamala Khan, binti wa Kiislamu wa Jersey City mwenye asili ya Pakistani, aliyepewa kitabu chake mwenyewe mwaka 2014. Mwandishi wake, G. Willow Wilson, ni Mwislamu, na mwaka 2015 kitabu hicho kilipata tuzo ya Hugo. Sahibu yetu alikigeuza nyuma na mbele, akakirudisha mahali pake bila ya neno.

Hatutawaficha wasomaji: si yote tuliyoyaona yalitupendeza. Yapo mavazi yaliyokuwa haba mno, na zipo picha zilizotufanya tuinamishe macho tukapita upesi. Mzazi anayemwachia mtoto mdogo azurure mle peke yake amepuuza wajibu wake. Lakini tungekuwa madhalimu tukisema kwamba hayo ndiyo yaliyokuwamo tu. Wengi tuliowaona walikuwa watu na watoto wao, wameshikana mikono, wakielezana hadithi.

Adhuhuri ilipoingia tulitoka kwa mlango wa nyuma, tukaenda kwenye bustani iliyo ukingoni mwa ghuba. Mombasa sisi huelekea kaskazini tunaposwali. San Diego kibla ni kaskazini kuelekea mashariki, hivyo bahari ikawa nyuma yetu na mji mbele. Sahibu yetu aliswalisha kwa kuwa ni mwenyeji, nasi tukakamilisha rakaa nne nyuma yake. Tulipotoa salamu tulikuta kijana ameongezeka safuni, amevaa deraya ya plastiki kuanzia shingoni mpaka miguuni, na kofia yake ya vita ameiweka kando, uso wake ukielekea mbali na sisi. Alitupa mkono, akasema ametoka Sudan, kisha akarudi vitani.

Hapo tuliona wakati umefika. Tuliuweka mkoba juu ya nyasi, tukamwambia sahibu yetu kilichomo na aliyekituma. Alinyamaza muda mrefu akitazama mashua. Kisha akasema, "Nyinyi mnaona mimi ni mkali tu. Mimi nimeogopa. Nimesikia tangu chuoni onyo lililowashukia wenye kutengeneza sura. Na huku ugenini, jambo moja likilegea, la pili hufuata. Nikimwachia kalamu, kesho nitamwachia nini?"

Hatukuwa na fatwa ya kumpa, wala hatuna ya kuwapa wasomaji. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya picha: wako waliozikataza zote zenye roho, na wako waliotofautisha sanamu na mchoro, au walioruhusu za kufundishia watoto, wakikumbusha wanasesere aliochezea Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie. Kila mmoja na amwulize anayemwamini kwa elimu. Sisi tulimwambia moja tu: tangu auraraue ukurasa ule, hajawahi kulifungua daftari akaona kilichochorwa. Alinyanyuka, akapangusa nyasi magotini, akasema, "Twende."

Katika ukumbi ule iko sehemu ya wachoraji wanaokaa kwenye meza zao wenyewe, kila mmoja na kalamu zake. Tulimchagua mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, kwa sababu foleni yake ilikwenda polepole. Tulimweleza kwamba mwenye daftari yuko nyumbani. Alilipokea kwa mikono miwili.

Alipindua kurasa taratibu. Kulikuwa na nyumba zenye milango ya kuchongwa, minazi, kichochoro chenye paka. Kulikuwa na watu pia. Kisha akauliza, "Kwa nini hakuna hata mmoja mwenye uso?"

Sahibu yetu aliinama. Kweli. Huyu amegeuka mgongo, yule kivuli cha kofia kimemfunika, mwingine ameinua kiganja kujikinga na jua, bibi mmoja ameuvuta ushungi. Huzuni na furaha zao zote zilikuwa mikononi na mabegani.

"Hawezi kuchora nyuso?" mchoraji aliuliza.

"Anaweza," sahibu yetu alijibu. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Alipokuwa na miaka saba nilimkataza. Nilimwambia, uso asichore. Nilidhani amesahau."

Kumbe aliyesahau ni yeye. Mtoto alikuwa ameishika kauli ya babake miaka minane, akatafuta njia ya kuchora bila ya kuivunja.

Mchoraji alifika kwenye ukurasa uliounganishwa kwa utepe wa gundi. Juu yake alikuwako mtu mkubwa amepiga goti kando ya kisima, ametupa mgongo, upinde wake umevutwa. Mbali, wanawake wenye mitungi wamesimama, hawathubutu kusogea.

"Nani ameupasua?" aliuliza.

Nyuma yetu watu walikuwa wakingojea. Sahibu yetu angeweza kusema lolote. Alisema, "Ni mimi."

Yule bibi hakumlaumu. Aliunyoosha ukurasa kwa kiganja, akasema huu ndio bora kuliko zote. Ila mitungi ni midogo mno, inafaa ikuzwe ili kiu ya watu ionekane. Kisha akauliza, "Na huyu ni nani?"

Ndipo sahibu yetu, mbele ya meza ile, katikati ya zogo la maelfu, akaanza kuhadithia. Alisimulia kwamba huyu ni Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa pwani yetu, ambaye hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa sindano ya shaba ya kitovuni. Mwanawe mwenyewe alirubuniwa, akamchoma amelala. Liyongo akainuka na upinde wake, akaenda kisimani, akapiga goti akalenga mshale, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji wakashikwa na kiu siku kadhaa, wakidhani yu hai, mpaka wakamwendea mamake aje ambembeleze.

"Na mama alikuja?" mchoraji aliuliza. Kijana mmoja foleniini naye akasogea asikie.

"Alikuja," alisema sahibu yetu. "Ukurasa huo bado hajauchora."

Tulimjua mtu huyu tangu utotoni, na kwa miaka mingi hatukuwa tumemsikia akihadithia. Tulikumbuka kwamba utenzi wa Liyongo ulioenea sana uliandikwa mwaka 1913 na Muhammad Kijumwa wa Lamu, mtu aliyekuwa mshairi, mwandishi wa khati na mchonga mbao kwa pamoja. Mikono ya watu wetu haikuwa mitupu. Sisi ndio tulioiacha ikapoa, huku tukilalamika kwamba watoto wanawajua mashujaa wa wengine. Samaki mkunje angali mbichi, wamesema wahenga. Lakini mkono ukizidi nguvu, samaki hupasuka.

Kabla ya kutoka, sahibu yetu alinunua kalamu mbili za wino mweusi. Hakutuuliza rai.

Nyumbani binti alifungua mlango, akautazama mkoba kabla ya kututazama sisi. Babake alimpa daftari. "Mitungi ni midogo," alimwambia. "Fundi amesema uikuze." Kisha, baada ya kitambo, "Nisamehe, mwanangu." Binti aliibusu mikono yake kama wanavyofanya watoto wa kwetu, na hilo halikufundishwa na katuni yoyote.

Kwao ilikuwa saa nne usiku, na Mombasa saa mbili asubuhi. Sahibu yetu alimpigia simu mamake. Bibi alishtuka, akadhani kuna msiba. "Hapana, Mama," alimwambia. "Tunataka utuhadithie Liyongo, pale mamake alipokwenda kisimani. Tangu mwanzo." Binti alikaa chini na kalamu mpya mkononi, simu ikawekwa katikati ya sote.

Bibi alijisafisha koo. "Haya," alisema, "nani anasikiliza?"