Kijana, Unakula Bukari na Nani?

Vijana wapendwa, mkirudi likizo toka chuo kikuu cha Lubumbashi, wazazi wanauliza: umepata pointi ngapi? Mimi ninauliza lingine: unakula bukari na nani?

Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1956. Wana wa Katanga, Kasai na Kivu wanaketi humo darasa moja. Lakini profesa akitoka, kila mmoja anaweza kurudi kwa watu wa kwao tu. Hiyo ni hasara.

Miaka ya 1992 na 1993 nilikuwa mtoto. Watu wa asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Likasi na Kolwezi wengi walilala kwenye kituo cha treni wakingoja njia ya kuondoka. Masomo peke yake hayakuzuia chuki ile.

Basi, saa za nje ya darasa zina kazi yake. Imba korale na wa kabila lingine, cheza naye mupira, jifunza salamu za kwao. Changeni pesa ya unga, mpike chungu kimoja. Akiugua, mpeleke hospitali. Mutu uliyekula naye miaka mitano, hautakubali kuambiwa kwamba yeye ni adui.

Diploma utaileta kwa bahasha. Rafiki huyo umlete kwetu siku ya Noeli, sombe iko.