Tanzia ya Furu wa Ziwa Victoria

Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha furu wa Ziwa Victoria, waliotoweka kwa aina nyingi mno kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwishoni mwa miaka ya 1980. Msiba ulianzia upande wa Kenya, ukaenea Uganda, na ulipofika Ghuba ya Mwanza, upande wa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980 ulimaliza kazi yake kwa miaka michache tu. Hakukuwa na matanga. Wakati huo huo mialo ilikuwa imechangamka kwa sababu sangara, samaki wakubwa wala nyama walioletwa ziwani, walikuwa wamejaa, wazito, wanene, na fedha zilikuwa zinaonekana. Basi tanzia hii imechelewa kwa miaka takriban 40, na marehemu hawajawahi kuombolezwa inavyostahili.

Furu ni samaki mdogo, wengi wao hawazidi urefu wa kiganja. Waluo humwita fulu, Waganda humwita nkejje. Alikuwa samaki wa watoto, kwani kijiti, uzi, ndoana na nyungunyungu vilitosha kumvua, na alikuwa samaki wa kina mama, waliomwanika kwenye mwamba akakauka kwa jua pasipo ukuni hata mmoja, kisha wakampeleka kwenye vijiji vya mbali na ziwa. Buganda, nkejje mkavu alitafutwa mtoto alipougua surua. Wazungu waliosimamia uvuvi hawakumthamini. Kwao alikuwa mdogo, mwenye miiba, asiye na soko, takataka ya ziwa. Katika vitabu vya takwimu aliandikiwa mstari mmoja na uzito wake kwa jumla. Chini ya mstari huo mlikuwa na zaidi ya spishi 500, na karibu zote hazikupatikana mahali pengine popote duniani.

Ukoo huo ulikuwa mchanga. Wanajiolojia waliochimba matope ya sakafu ya ziwa wameonyesha kwamba Victoria ilikauka zama za mwisho za barafu, ikajaa maji tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Kwa hiyo sehemu kubwa ya utajiri huo wa spishi ilitokea ndani ya muda huo, kutokana na mababu wachache walioingia na maji. Hakuna kundi jingine la wanyama wenye uti wa mgongo linalojulikana kugawanyika kwa wingi huo na kwa haraka hiyo. Siri mojawapo ilikuwa kooni. Nyuma ya taya za kawaida furu ana taya za pili, ndani kabisa ya koo. Za mbele zikikamata, za nyuma husaga. Kwa kuwa kazi iligawanywa hivyo, kila kinywa kiliweza kufuata riziki yake.

Na riziki zilikuwa nyingi. Walikuwepo waliochuja matope ya chini, waliokula mwani, waliokwangua miamba, waliofuata vijidudu vinavyoelea kwenye maji ya wazi, na waliokula uduvi, wadudu na kaa. Wala konokono walikuwa wa namna mbili. Mmoja alimmeza konokono na gamba lake akalivunja kwa taya za kooni, na taya hizo zilikuwa pana na zenye meno butu mithili ya mawe ya kusagia. Mwingine hakuwa na nguvu za kuvunja, alikuwa na wepesi. Alimvizia konokono akiwa ametoa mwili nje, akamdaka na kumchomoa kabla hajarudi ndani. Wengine walikula furu wenzao. Yupo aliyeishi kwa kukwangua magamba ya samaki wengine. Na walikuwepo maharamia waliomgonga mama mwenye watoto mdomoni mpaka akawatema, wakawala.

Hapo panahitaji kuelezwa kwa utulivu, maana ndipo udhaifu wa marehemu ulipokuwa. Furu jike hutaga mayai machache, makumi tu kwa kawaida, na mara anapoyataga huyaokota kwa mdomo. Dume ana madoa ya manjano kwenye pezi la chini karibu na mkia, yanafanana na mayai. Jike akinyonya pale akidhani kuna yai limebaki, hupokea mbegu, na mayai hurutubishwa mdomoni mwake. Huyabeba kwa wiki mbili au tatu, koo limevimba, huku akila kidogo sana au asile kabisa. Watoto wakishaanza kuogelea huwatoa nje kwa muda, na hatari ikitokea hufungua mdomo, wote wakarudi ndani. Malezi hayo yaliwafaa kwa maelfu ya miaka. Sangara jike mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni, huyaacha majini, na huenda zake.

Sangara hakuja kwa miguu yake. Kisa kinaanza na nyavu za kutega zilizoingizwa upande wa Kenya mwaka 1905, zikamvua ngege, samaki mtamu kuliko wote wa ziwa, kiasi kwamba miaka ya 1920 tayari alikuwa anapungua. Serikali za kikoloni zikamtuma Michael Graham kuchunguza. Katika ripoti yake ya 1929 alionya waziwazi kwamba kuleta samaki mkubwa mla nyama kutoka maji mengine kungekuwa hatari kubwa kabisa. Hawakusikia. Katikati ya miaka ya 1950 sangara wa kwanza walikwishatiwa ziwani upande wa Uganda, kimyakimya, bila kibali cha wataalamu. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, mtafiti aliyewajua furu vizuri, aliandika makala kupinga mpango huo akieleza hoja moja baada ya nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara wakaletwa kwa idhini, kutoka Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Hoja ya waliowaleta ilikuwa nyepesi: furu ni wengi na hawana thamani, basi aletwe mkubwa awageuze kuwa mnofu. Ni hoja ya mtu aliyesoma ule mstari mmoja wa takwimu akaamini kwamba ameshalijua ziwa. Mimi siwezi kuisamehe, maana onyo lilikuwepo kwa maandishi, mara mbili, na lilikuwa sahihi.

Kwa karibu miaka 20 hakuna lililoonekana. Uchunguzi uliofanywa ziwa zima kati ya 1969 na 1971 ulikuta furu bado ni zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki walioburuzwa kutoka chini ya ziwa. Mwanza pakajengwa kiwanda cha kuwasaga wawe chakula cha kuku, na meli za kuburuta wavu zikaanza kuwachota kwa tani. Mwaka 1977 wakaja watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, wakafanya kazi na wenzao wa Tanzania. Walikusudia kuwaorodhesha furu na kueleza namna spishi nyingi kiasi hicho zinavyoishi pamoja bila kugombana riziki. Walirudia njia ile ile ya uvuvi wa utafiti, kina kile kile, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo msiba ulipofika walikuwa pale pale na daftari mkononi. Spishi walizozizoea zilianza kupungua kwenye wavu, moja baada ya nyingine, kisha wavu ukawa unaleta sangara watupu. Furu waliokuwa asilimia 80 wakawa chini ya asilimia 1. Inakadiriwa kwamba spishi 200 hivi zilitoweka. Mmoja wa watafiti hao, Tijs Goldschmidt, baadaye aliandika kitabu kizima juu ya msiba huo.

Haki itendeke: sangara hakuua peke yake. Misitu ilifyekwa, mashamba yakasogea ukingoni, majitaka ya miji yakamwagwa ziwani, na rutuba hiyo ikaustawisha mwani kupita kiasi. Furu waliokuwa wakiula mwani na mabaki yake walikuwa wamekwishaliwa. Mwani ukazama ukaoza, na uozo ukala hewa ya maji ya kina, mpaka sehemu kubwa ya chini ikawa haikaliki kwa vipindi virefu vya mwaka.

Maji nayo yakapoteza mwangaza, na hapo pana kifo cha namna nyingine, kisicho na meno. Mwaka 1985, mwaka ambao Mwalimu Nyerere aling'atuka, furu mmoja wa miambani alipewa rasmi jina lake: Haplochromis nyererei, ambaye siku hizi huwekwa katika jenasi iitwayo Pundamilia. Dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye mistari myeusi. Jirani yake na ndugu yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, ni wa buluu. Jike humtambua mume wa spishi yake kwa rangi. Kwenye maji maangavu ya kisiwa cha Makobe wawili hao wanaishi mwamba mmoja na hawachanganyiki. Ndani ya Ghuba ya Mwanza, ambako maji yamekuwa na tope, wekundu na ubuluu havionekani vizuri, majike hukosea, na kizazi kinachotoka kimepauka, si huyu wala yule. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake walilichapisha jambo hilo mwaka 1997. Spishi inaweza kufa hivyo bila hata samaki mmoja kuliwa.

Watetezi wa sangara wana la kusema, na wasikilizwe. Alileta ajira, viwanda vya minofu, barabara na nyumba za bati, na kuna watu waliosomeshwa kwa fedha zake mpaka chuo kikuu. Lakini tuangalie nani alipata nini. Mnofu ulipanda ndege kwenda Ulaya. Mabondo yakaenda Asia. Mwanza yakabaki mapanki, yaani kichwa na mifupa baada ya mnofu kukatwa, na hayo ndiyo yaliyokaangwa kwa mlo wa mwananchi wa kawaida. Mama aliyekuwa akinunua furu kwa kapu na kuanika mwenyewe hakuweza kushindana na gari la kiwanda lenye barafu. Na kwa kuwa sangara ni mkubwa na ana mafuta mengi, jua halimkaushi, lazima akaangwe au abanikwe kwa moshi, hivyo miti ya ukingoni ikalipia. Sangara mwenyewe, alipowamaliza furu, aligeukia uduvi, dagaa na watoto wake mwenyewe.

Maelfu ya miili ya marehemu imehifadhiwa ndani ya chupa za spiriti, nyingi zikiwa Leiden. Kuna waliotoweka kabla hawajapewa jina rasmi, wanajulikana kwa lakabu walizopewa na watafiti na kwa tarehe waliyovuliwa. Haplochromis perrieri alibaki hai kwenye matangi ya wafugaji wa ng'ambo baada ya kukosekana ziwani. Ni maisha, lakini ni maisha ya ukimbizini.

Wapo pia waliorudi. Sangara alipovuliwa sana kuanzia miaka ya 1990, baadhi ya furu walianza kuonekana tena kwenye wavu, hasa wala vijidudu vya maji ya wazi na wachuja matope. Haplochromis pyrrhocephalus amerudi akiwa na matamvua makubwa kuliko ya babu zake, ameyakuza kwa vizazi vichache ili apumue kwenye maji yenye hewa haba. Wala konokono wengi na wala samaki wengi hawakurudi. Uzito umepanda, na mtu anayesoma jumla anaweza kudhani ukoo umepona.

Marehemu wameacha ndugu miambani, ambao wavuvi wa Mwanza huwaita mbipi, na wengine katika maziwa madogo ya pembeni. Kanyaboli, upande wa Kenya, ni mojawapo. Humo ngege bado yupo, na furu bado wapo, kwa sababu kati yao na sangara pana kinamasi cha Yala. Maji ya chini ya mafunjo yana hewa kidogo sana, sangara huyashindwa, furu huyavumilia. Sehemu ya kinamasi hicho ilishakaushwa kwa kilimo. Kilichobaki kiachwe kilivyo, na mtu yeyote asipeleke samaki mgeni Kanyaboli.