Kusimamisha Vita Si Kumaliza Vita

Yako maswali ambayo mtu huyajibu upesi akiwa mbali nayo, lakini akiyasogelea huyaona kuwa mazito. Mojawapo ni hili: nchi ikiwa vitani, na watu wakataka vita vikome, au wakataka viendelee, je, yampasa kiongozi afuate rai ya watu au afuate akili yake mwenyewe? Wengine hujibu kwamba kiongozi ni mtumishi wa watu, na mtumishi hana budi kutii. Wengine husema kwamba rai ya watu ni kama upepo, leo kusi na kesho kaskazi, na nahodha amwachiaye upepo usukani hafiki bandarini. Mimi niishiye Garissa naona majibu yote mawili ni pungufu, na iliyonifundisha hivyo ni historia ya nchi hii yetu ya kaskazini mashariki.

Kwanza yafaa tujiulize rai ya watu ni kitu gani. Kazi yangu ya ukarani hunipeleka barazani mara nyingi, nami huketi na daftari nikiandika yasemwayo. Wasemao sana ni wale wakaao mbele, yaani wazee wenye vyeo na vijana wenye sauti. Nyuma kabisa, chini ya mti, hukaa wanawake walioacha biashara yao ya maziwa, na wachungaji waliofika na vumbi miguuni. Na hawa mara nyingi huondoka bila kutamka neno. Mwisho wa yote husemwa kwamba wananchi wamekubali. Neno likiwa ni la kisima au la soko, laweza kutazamwa tena mwaka ujao. Lakini likiwa ni la vita, yule aliyenyamaza nyuma ndiye atakayezika watoto.

Sasa tuitazame historia yenyewe. Mwaka 1962, Kenya ilipokuwa ikikaribia uhuru, Serikali ya Uingereza ilituma tume ya watu wawili, mmoja mwanasheria kutoka Nigeria na wa pili jenerali kutoka Kanada, waje kuwauliza watu wa nchi ya mpaka wa kaskazini, iliyojulikana kwa herufi N.F.D., wanataka nini. Tume ilizunguka ikafanya mabaraza. Ilipotoa taarifa yake Desemba mwaka ule, ilisema wazi kwamba Wasomali karibu wote walitaka kujitenga na Kenya, ili hatimaye waungane na Jamhuri ya Somalia. Wengine, na miongoni mwao wakulima wa kando ya mto Tana, walitaka kubaki katika Kenya. Wazee wangu ni wa hao wa kando ya mto, kwa hiyo msomaji asidhani kwamba nasema haya kwa kuvutwa na upande wa kujitenga.

Machi 1963, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Bwana Duncan Sandys, alitangaza kwamba nchi ya Wasomali itakuwa jimbo la saba la Kenya. Basi watu waliulizwa, wakajibu, kisha jibu lao likawekwa kando. Viongozi wa Kenya nao walikuwa na hoja nzito, kwamba kila watu watakao kutoka wakikatiwa kipande cha nchi, Afrika nzima itagawanyika. Hoja hiyo siihukumu hapa. Nasema tu kwamba mtu aliyeulizwa asisikilizwe huwa na uchungu kuliko yule asiyeulizwa kabisa. Uchaguzi wa Mei 1963 Wasomali wengi waliususia, na kabla mwaka haujaisha bunduki zikaanza kulia.

Hali ya hatari ilitangazwa Desemba 1963, uhuru ukiwa haujatimiza mwezi mmoja. Vita vile, vilivyoitwa vita vya shifta, vilidumu karibu miaka minne. Magari yalikwenda kwa misafara yenye askari, na njiani yalitegwa mabomu ya ardhini. Mwaka 1966 Serikali ilianza kuwakusanya wafugaji katika vijiji vyenye ulinzi. Lakini mfugaji asiyeruhusiwa kuifuata mvua hana mali tena, maana ng'ombe na ngamia hawali ulinzi. Mifugo ilikufa kwa wingi, hasa ya Waborana wa Isiolo, na watu waliokuwa na mazizi yaliyojaa walibaki wakingojea posho. Huku mtoni, babu yangu aliliacha shamba lake la migomba na miembe likaota msitu, kwa kuuogopa usiku. Hivyo wafugaji walipoteza wanyama na wakulima wakapoteza mavuno, na wala hapana hata mmoja kati yao aliyekuwa na redio ya kusemea. Redio zilikuwa Nairobi na Mogadishu, na kila moja iliwahimiza watu wa upande wake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Je, vita vile vilisimamaje? Havikusimama kwa sababu umati ulidai. Julai 1967 Bwana Mohamed Haji Ibrahim Egal alikuwa Waziri Mkuu wa Somalia, naye aliona kwamba nchi yake haitapata kwa bunduki kile ilichokitaka. Septemba mwaka ule, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanywa Kinshasa, njia ya mazungumzo ilifunguliwa, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi. Tarehe 28 Oktoba 1967, Mzee Jomo Kenyatta na Bwana Egal walifikia mapatano mjini Arusha. Walikubaliana kurudisha ubalozi, kuacha maneno ya uchochezi katika redio, na kuiondoa hali ya hatari hatua kwa hatua. Mogadishu kelele zilipanda; wako waliosema kwamba Egal amewauza ndugu zao, na hata ndani ya chama chake alipata upinzani mkali. Lakini hakurudi nyuma, na Bunge la nchi yake likayakubali mapatano. Lau angaliingoja rai ya mji ule itulie kwanza, babu yangu angalikufa kabla ya kuliona shamba lake tena.

Kwa hiyo nawakubalia wale wasemao kwamba kiongozi apaswa kutangulia. Damu ikimwagika, haimfai akae akihesabu ni watu wangapi watampigia makofi akisema basi.

Hata hivyo, habari haikwisha pale Arusha. Mapatano yale yalikuwa ya serikali na serikali. Watu wa nchi iliyopiganiwa hawakuwa upande wa tatu wa mapatano, na yaliyofuata yanaonyesha upungufu huo. Bunduki za vita zilinyamaza, lakini sheria za hali ya hatari ziliendelea kutumika huku kaskazini mpaka mwaka 1991, yaani miaka 24 baada ya Arusha. Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa Serikali wasishitakiwe kwa mambo waliyoyatenda wakati wa vita vile. Februari 1984, wanaume waliokusanywa katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na Wajir, waliuawa kwa wingi na askari wa Serikali iliyopaswa kuwalinda. Mpaka leo wako wazee ambao, wakisafiri kwenda Nairobi, husema wanakwenda Kenya. Wageni hucheka wakisikia hivyo. Mimi sicheki, maana naona kwamba vita vile vilisimamishwa mwaka 1967 lakini havikumalizwa.

Huenda msomaji akauliza kama kuna kiongozi aliyewahi kutangulia na kusikiliza kwa pamoja. Yuko. Jenerali Charles de Gaulle wa Ufaransa alirudi madarakani mwaka 1958 akiungwa mkono na watu waliotaka Algeria ibaki kuwa ya Ufaransa. Alipoona kwamba vita vilivyoanza mwaka 1954 havitapata mwisho mwema, alianza kusema kwamba Waalgeria wajiamulie wenyewe, na hata baadhi ya majenerali wake wakamwasi. Lakini hakutosheka na kutangaza tu. Januari 1961 aliwapigisha watu kura juu ya jambo hilo, na robo tatu hivi ya waliopiga kura walikubali. Aprili 1962 Wafaransa waliulizwa juu ya mapatano yenyewe, na Julai mwaka ule Waalgeria wakaulizwa, wakachagua uhuru. Mateso yalikuwa mengi kabla ya hapo na baadaye pia, lakini hakuna awezaye kusema kwamba watu wa Algeria hawakuulizwa.

Wala si lazima tuvuke bahari. Mwaka 1992 koo za Wajir zilikuwa zikiuana, na chuki ikafika sokoni, hata mwanamke wa ukoo huu hakuweza kuuza wala kununua kwa mwanamke wa ukoo ule. Wanawake wachache, na mmoja wao akiwa marehemu Dekha Ibrahim Abdi, walikutana wakaamua kwamba soko litakuwa la kila mtu, wakaweka wenzao wa kuliangalia. Kisha waliwaendea wazee, na vijana, na wafanya biashara, na maofisa wa Serikali. Septemba 1993 wazee wa koo walikubaliana juu ya masharti ya amani, ambayo yaliitwa Azimio la Al-Fatah, na mwaka 1995 ikaundwa kamati ya amani na maendeleo iliyofanya kazi pamoja na Serikali ya wilaya. Mfano huo uliigwa katika sehemu nyingine za Kenya. Jambo la kutazama hapa ni kwamba walioanza walikuwa wale wakaao nyuma barazani. Viongozi waliwafuata, na kwa kuwafuata hawakupungukiwa na heshima.

Mambo haya si ya zamani tu. Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yaliingia Somalia kupigana na Al-Shabaab. Novemba 2014 abiria 28 wa basi waliuawa karibu na Mandera, na wengi wao walikuwa walimu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Wako waliosema majeshi yarudi nyumbani, na wako waliosema yakirudi adui atawafuata mpaka mlangoni. Kila upande ulisema kwamba ndio wenye watu. Katika siku zile walimu wengi kutoka sehemu nyingine za Kenya waliondoka huku, na madarasa yakabaki na watoto wasio na mwalimu. Mzazi aliyempoteza mwanawe chuoni, mama wa askari, na mchungaji ashukiwaye na pande zote mbili, hao wote wana neno juu ya vita vile, lakini ni nadra neno lao kuvuka daraja la Tana likafika mahali pa kuamulia.

Basi jibu langu ni hili. Katika kusimamisha umwagaji wa damu, kiongozi asingoje rai ya watu, kwa kuwa rai isikikayo upesi mara nyingi ni ya wale walio mbali na risasi. Na awe tayari kulaumiwa, maana alitwaa cheo akijua uzito wake. Lakini katika masharti ya amani asijiamulie peke yake. Ni juu yake kushuka mpaka kwa wale ambao vita viliwakalia shingoni, wa pande zote, na walio wachache pia, awaulize, na wakiisha kumjibu asilitupe jibu lao. Akiona hawezi kulitimiza, awaeleze sababu uso kwa uso, wala wasiisikie kwa watu wengine.

Nasi wananchi, wenye kusoma na kuandika, tuna sehemu yetu. Tukikaa mahali pa salama tukashangilia vita, au tukadai amani ambayo hatutagharimika nayo, tunampa kiongozi hesabu ya uongo. Heri tuwape nafasi wakaao nyuma waseme, na wakisema yaandikwe kama walivyoyasema.