Na Mkewe

Nafundisha historia ya Kanisa katika chuo cha theolojia. Kila mwaka tunapofika kwenye Matengenezo ya Kanisa kule Uingereza, wanafunzi hukariri yaliyowapata wake sita wa Mfalme Henry VIII: aliyeachwa, aliyekatwa kichwa, aliyefariki baada ya kujifungua. Wa sita, Katherine Parr, humalizwa kwa neno moja: alinusurika. Nami kwa miaka mingi sikuongeza kitu.

Mwaka jana nilisoma wasifu wake, mojawapo ya vitabu vinavyoandikwa siku hizi juu ya wanawake wa ukoo wa Tudor waliofunikwa na vivuli vya waume zao. Niliona haya. Mwaka 1544, mfalme alipokwenda vitani Ufaransa, Katherine ndiye aliyeachiwa nchi aiongoze. Mwaka 1545 alitoa kitabu cha sala, akawa mwanamke wa kwanza Uingereza kuchapisha kitabu kwa Kiingereza kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1546, ule ule ambao Anne Askew alichomwa moto kwa ajili ya imani yake, maadui walimtega Katherine naye ashtakiwe kwa uzushi. John Foxe anasimulia kwamba alijinyenyekeza mbele ya mfalme, akapona. Mfalme alipokwisha kufa, mwaka 1547, Katherine alichapisha kitabu cha toba. Humo malkia anajiita mwenye dhambi, asiye na tumaini ila kuhesabiwa haki kwa imani katika Kristo. Ndilo fundisho ninalolihubiri mimi, Mlutheri, kila Jumapili.

Nilifunga kitabu hicho nikafungua kingine: kijitabu cha yubilei ya usharika wetu, nilichokiandika mwenyewe. Wainjilisti wa kwanza nimewataja kwa majina yao kamili. Wake zao nimewaandika hivi: “na mkewe”. Mmoja wao ni bibi yangu, mzaa baba. Babu akiwa safarini mitaani, bibi ndiye aliyewafundisha kina mama Katekisimo Ndogo chini ya mwembe. Sikuyaandika hayo kwa kuwa hayakuwamo katika kumbukumbu za vikao. Nilisema hakuna ushahidi. Lakini Sala ya Bwana mimi nilifundishwa naye! Malkia alikuwa na wachapaji. Bibi alikuwa na mjukuu msomi, naye akanyamaza.

Mtume Paulo, akiumaliza Waraka kwa Warumi, hakuandika “na mkewe”. Alimtaja Fibi, akamtaja Mariamu, na Priska akamtanguliza mbele ya Akila mumewe, pamoja na kazi walizozifanya.

Sasa nazunguka mitaani na daftari, nikiwauliza wazee. Majina mengine hayakumbukwi tena na mtu yeyote. Hayo Mungu anayo. Lakini yale ambayo bado yumo anayeyakumbuka, tusimwachie Mungu kazi aliyotupa sisi.