Dhahabu na Fedha: Matembezi ya Lamu na Funzo la Mizani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mwenye kupita Usita wa Mui, njia kuu na nyembamba ya mji wa kale wa Lamu, atawakuta wafua fedha na nyundo zao ndogo. Pete zao zinajulikana mbali: kipande cha sahani kuukuu ya kauri hukatwa, hulainishwa, kisha huzungushiwa fedha. Madini yenyewe ni machache, na thamani kubwa imo mkononi mwa fundi.

Fedha ina historia pwani yetu. Riale ya Maria Theresa, yenye mwaka 1780, ilikuwa na uzani wa gramu 28 hivi, na katika kila sehemu 1,000 fedha ilikuwa 833. Lugha yetu imehifadhi kumbukumbu ya zama hizo: fedha ni madini, na fedha ni pesa. Siku hizi mapambo mengi ya fedha ni ya 925. Huingia weusi kwa hewa, lakini hung'arishwa yakarudi.

Kwa masonara wa Mombasa, dhahabu ndiyo inayotawala. Karati 24 ni safi, lakini laini mno kwa bangili ya kila siku. Karati 22 ina sehemu mbili za madini mengine katika 24. Karati 18 ina robo nzima. Basi, ewe mama, uliza karati na uzani kabla ya kusifu mng'ao.

Hapa ndipo penye hatari. Wengi hupeleka bangili kuukuu, wakachukua mpya na kuongeza pesa juu. Mtume (s.a.w.) amekataza dhahabu kwa dhahabu ila kwa uzani sawa, mkono kwa mkono, ziada ni riba, hata kama ufundi umetofautiana. Njia ya halali ni nyepesi: uza ile ya zamani, pokea thamani yake mkononi, kisha ununue mpya. Ama dhahabu kwa fedha, uzani waweza kutofautiana, maadamu makabidhiano ni papo hapo.

Na ile iliyofungiwa sandukuni kuwa akiba, ikifika nisabu, takriban gramu 85 za dhahabu safi au 595 za fedha, na mwaka ukapita, ina zaka. Pambo hupendeza zaidi likiwa halali.

Wallahu a'lam.