Kocha aliyeshindwa jana, apewe timu leo?

Kuna maneno mawili ninayoyasikia kila mara ninapopita katika kambi za wahami. Wengine wanasema: mtu aliyeshindwa amekwisha kujifunza, mara ya pili atafaulu. Wengine wanasema: aliyeshindwa ni wa kushindwa tu, msimpe tena kitu. Leo nataka kuyapima maneno hayo kupitia mchezo, hasa makocha wa vyuo vikuu vya Marekani.

Futboli ya huko si hii yetu ya miguu. Ni ule mpira wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi, wachezaji wakivaa kofia ngumu. Wenye ndugu waliopelekwa Marekani kama wakimbizi wanaujua, maana watoto wao wanaukuta shuleni. Kocha wa chuo kikubwa analipwa mamilioni ya dola, na akishindwa anafukuzwa.

Ed Orgeron, mzaliwa wa jimbo la Louisiana, alianza kuongoza timu ya Chuo Kikuu cha Mississippi msimu wa 2005. Kwa misimu 3 alishinda mechi 10 na kupoteza 25. Mwaka 2007 akafukuzwa, akarudi kuwa msaidizi wa makocha wengine. Mwaka 2013 alishika kwa muda timu ya chuo cha USC, mjini Los Angeles. Alishinda mechi 6 kati ya 8, lakini kazi ikapewa mtu mwingine. Mwaka 2016 chuo cha LSU, kwao Louisiana, kilimfukuza kocha wake katikati ya msimu, timu ikabaki mikononi mwa Orgeron. Msimu wa 2019 walicheza mechi 15, wakashinda zote. Tarehe 13 Januari 2020, mjini New Orleans, waliifunga Clemson 42 kwa 25 na kuchukua ubingwa wa taifa.

Mtu akiishia hapo, atasema kushindwa ni shule. Lakini tumtazame Charlie Weis. Alifukuzwa na chuo cha Notre Dame mwaka 2009, kisha chuo cha Kansas kikamwamini. Huko alishinda mechi 6 na kupoteza 22, akafukuzwa tena mwaka 2014. Yeye pia alikuwa ameshindwa kwanza, na hakuna anayesimulia habari zake ili kuwatia watu moyo. Tunawakumbuka walioinuka, wale waliobaki chini tunawasahau. Ndiyo maana tunadhani kila anayeanguka atainuka.

Basi Orgeron alisaidiwa na nini? Kule Mississippi alijulikana kwa kupiga kelele na kutaka kushika kila kitu mwenyewe. Kule LSU aliwaachia wasaidizi kazi yao. Mwaka 2019 alimleta kijana Joe Brady kusaidia kupanga mashambulizi. Alikuwa pia na Joe Burrow, mchezaji aliyekosa nafasi katika chuo cha Ohio State. Baada ya ubingwa wote wawili waliondoka, timu ikashuka, na Oktoba 2021 ikatangazwa kwamba Orgeron ataondoka mwisho wa msimu.

Hata kwetu tunaye Florent Ibenge. Akiwa na Vita Club alipoteza fainali ya Afrika mwaka 2014, na nyingine mwaka 2018. Mwaka 2022, akiwa na RS Berkane ya Morocco, alishinda Kombe la Shirikisho. Waliomhukumu kwa fainali mbili walihukumu mapema.

Hivi karibuni, katika kambi moja, wazazi walikuwa wakibishana. Papa mmoja aliyefundisha timu ya kijiji kabla ya vita aliomba kuwafundisha vijana. Mama mmoja alisema: "Huyu papa alitupotezea ligi nzima kule nyumbani." Mzee mmoja akamjibu: "Amekwisha teseka, sasa anajua." Mimi niliomba aulizwe maswali matatu tu: Ni nini kiliharibika? Utabadilisha nini? Nani atakusaidia? Alijibu kwamba kule alikuwa peke yake, na wachezaji walikuja mazoezini walipotaka. Sasa alitaka msaidizi, na daftari la kuandika waliofika. Walimpa miezi mitatu. Hawakumpa kwa huruma, walimpa kwa sababu alikuwa na jibu.

Naandika haya kwa sababu ya sisi tuliopoteza mashamba, maduka na kazi. Msikubali mtu aseme mateso peke yake yatawafanya hodari; mateso hayafundishi mtu asiyepewa nafasi. Wala msikubali mtu awanyime kazi au mkopo kwa sababu mlifika hapa mikono mitupu. Anayetaka kuwapima awaulize mnajua kufanya nini, na nani yuko pamoja nanyi leo.